Mstari wa Jina la Mama

Mkebe ulikuwa wa majani ya chai, na kifuniko chake kilikuwa kimeshika kutu hata Mama Mdogo akakifungua kwa mpini wa kijiko. Juu kulikuwa na risiti za mbolea, chini yake vidonge vya presha, na chini kabisa kadi iliyokunjwa mara mbili na kukatika kwenye mikunjo. Wino wa buluu ulikuwa umefifia isipokuwa pale mwandishi alipokandamiza kalamu. Uzito, paundi 6 na nusu. Jina la baba, baba yangu. Jina la mama, Mama Mdogo. Nilikuwa na miaka 51. Nimekuwa mkunga Rungwe tangu 1991, nimejaza matangazo ya kizazi ya watoto wa watu mpaka nimepoteza hesabu, na siku hiyo ndiyo niliiona karatasi yangu kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa Desemba 2019. Laini za simu zilikuwa zizimwe mwisho wa mwaka kwa yeyote ambaye hajazisajili kwa alama za vidole, na bila namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, usajili hakuna. Tukuyu mwezi huo ni mvua asubuhi na mvua jioni, kwa hiyo tulisimama kwenye foleni chini ya miavuli tangu alfajiri, wazee kwa vijana, kila mtu na bahasha yake ndani ya mfuko. Ya kwangu ilikuwa na cheti cha ubatizo na barua ya mtendaji wa kijiji. Nilidhani vinatosha, maana vilikuwa vimenitosha maisha yangu yote.

Afisa aliniuliza nilizaliwa wapi, na mama yangu alizaliwa wapi. Nikajibu kama cheti kinavyosema. Pembeni alikaa mwenyekiti wa kitongoji chetu, mzee aliyeitwa kuthibitisha watu wake, na alikuwa ameambiwa aseme kweli. Akasema kweli. "Huyu tunamfahamu toka mchanga. Alizaliwa ng'ambo, Karonga. Mdogo wa mama yake ndiye aliyemzaa." Hakuwa na ubaya wowote. Afisa akanitazama, akaitazama fomu. "Sasa mama, niandike mama yupi?" Nikamwambia aandike wote wawili. "Mstari ni mmoja," akanijibu kwa upole, na jalada langu likahamishwa kutoka upande wa kulia wa meza kwenda upande wa kushoto, walikokaa wenye utata wa uraia.

Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa siri hata kidogo. Mama aliolewa kwa pete kanisani na kwa ng'ombe kwa babu. Mimba zake tatu ziliharibika, na mtoto wa nne alizaliwa kimya. Bibi akaita kikao jikoni, wakiwa wanawake watupu, na kilipoisha, mdogo wake Mama akahamia kwa dada yake. Ndivyo wazee walivyolipima jambo: nyumba iliyokwisha kupokea ng'ombe ilijiona ina deni la watoto, na deni hilo dada aliweza kumlipia dada. Nilikua nikimwita mmoja Mama na mwingine Mama Mdogo. Sikumbuki siku niliyoelezwa ni yupi aliyenizaa, kama nisivyokumbuka siku niliyoelezwa kwamba mlima ule mbele yetu unaitwa Rungwe.

Shida ilikuwa kanisa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hakuruhusiwa kuwa na wake wawili. Kwa hiyo mimba ilipoanza kuonekana, Mama Mdogo alipelekwa kwa shangazi yao ng'ambo ya mto Songwe. Ilikuwa 1968, mwaka ambao Kamuzu Banda na Mwalimu Nyerere walikuwa wakirushiana maneno makali kuhusu mpaka na Ziwa Nyasa. Lakini kwa shangazi kulikuwa kwa shangazi tu. Wanyakyusa na Wangonde ni watu wanaosikilizana bila mkalimani. Waliowatenganisha ni Wajerumani na Waingereza, waliokubaliana tarehe 1 Julai 1890 kwamba mto huo ndio uwe mpaka. Nilizaliwa ndani ya nyumba ya nyasi katikati ya mpunga. Wiki chache baadaye nikapimwa kwenye zahanati ya misheni, ndipo ikaandikwa ile kadi. Nilipofikisha miezi mitano nikavushwa mto mgongoni kwa Mama, na mchungaji wetu akanibatiza kama mtoto wa Mama. Aliandika kile ambacho kitabu chake kiliweza kukibeba.

Na Songwe wenyewe ni mto usiotulia. Kila baada ya mafuriko makubwa unakata kona mpya kwenye lile tambarare, shamba lililolala upande wa Malawi linaamka upande wa Tanzania, na kinyume chake. Serikali zote mbili zimekuwa na mradi wa pamoja wa bonde hilo, na kuzituliza kingo za mto ni mojawapo ya shabaha zake. Mama Mdogo alinieleza akiwa ameshika ile kadi kwamba mahali ilipokuwa nyumba ile, mto ulishapita. "Palipozaliwa wewe sasa ni huku kwetu," alisema. Nilicheka, kisha nikalia. Nilitamani kumrudia yule afisa nimwambie kwamba sikuvuka mpaka mimi, mpaka ndio ulionivuka.

Kilichoniokoa ni mstari wa baba. Sheria ya uraia iliyokuwa ikitumika mwaka niliozaliwa ilikuwa ya 1961, nayo ilisema anayezaliwa nje ya nchi ni raia ikiwa baba yake ni raia. Mama hakutajwa. Ni sheria ya 1995 iliyokuja kuweka maneno "baba au mama". Kwa hiyo nilihangaika miezi kadhaa na viapo vya wakili, na kupanda na kushuka ngazi za ofisi, nikiwa na wanawake wawili mkononi kana kwamba lazima mmoja nimwache mlangoni, kumbe sheria haikuwa ikimtazama hata mmoja wao. Namba yangu ilitoka. Tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe niliyozaliwa, ileile iliyoandikwa kwenye kadi ya zahanati.

Nimeieleza hadithi hii kwa urefu kwa sababu mwanzoni niliiona kuwa ni balaa, na sasa siioni hivyo. Karatasi zangu zilikuwa zimechanganyikana, zinapingana, zimenuka moshi. Lakini ukiziweka pamoja mezani, wote walionileta duniani wapo. Kuna kijana ambaye karatasi zake zimenyooka kabisa, na mimi ndiye niliyezinyoosha. Yeye hana kitu.

Ilikuwa 1997, zamu ya usiku. Walikuja wanawake wawili kutoka vijiji vya chini kuelekea Busokelo, mmoja mtu mzima aliyevaa vizuri, mwingine msichana wa miaka kumi na minane hivi mwenye uchungu. Kadi ya kliniki ilikuwa na jina la yule mtu mzima. Msichana alikuwa amehudhuria kliniki miezi yote kwa jina hilo. Nilijua mara moja, mkunga yeyote angejua. Alfajiri, mtoto akiwa ameshaoshwa, yule mama alinishika mikono miwili akaniambia kwamba hana mtoto, mume wake atamfukuza, msichana ameridhika, na kila mmoja atapona. Nilimtazama msichana. Alitikisa kichwa kukubali, uso ukiwa ukutani. Nikaandika tangazo la kizazi kwa jina lililokuwa kwenye kadi. Niliamini nimetenda wema, na ukweli ni kwamba nilikuwa nikimfikiria Mama yangu na zile mimba zake tatu.

Miaka ishirini baadaye kijana mrefu alikuja kunitafuta nyumbani. Mama aliyemlea alikuwa amefariki, na kwenye matanga ndugu mmoja mwenye pombe alimwambia maneno yaliyokuwa yamefichwa. Hakuja na lawama. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa safi, kilimpeleka shule, kilimpatia mkopo wa chuo, hakuna ofisi iliyowahi kukitilia shaka. Alitaka jina moja tu. Nilikaa naye kwenye benchi nje ya nyumba mpaka giza likaingia, nikijaribu kukumbuka. Nilikumbuka kitenge cha yule msichana, kilikuwa na picha za kuku. Nilikumbuka kwamba aliomba chai akanywa vikombe viwili. Jina sikulikumbuka, kwa sababu sikuliuliza, na sikuliuliza kwa sababu nilikuwa nimeamua kutoliandika. Kijana alisema "ndaga", yaani asante, kwa adabu, akaondoka. Hajarudi.

Mwaka 2013 serikali ilipoanzisha Mbeya mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bure, kwenye zahanati na ofisi za kata, nilifurahi kama wengine. Nilikuwa nimezoea kuona akina mama wakijifungua na kurudi mgombani na kile kipande cha tangazo, ambacho kingeliwa na panya kabla hakijafika kwa msajili wa wilaya. Sasa cheti kiliandikwa papo hapo, na taarifa zikatumwa kwa simu ya mkononi. Niliwaona wazee wakikisoma cheti cha mjukuu kwa sauti, jina kwa jina, hata wasiojua kusoma wakitaka wasomewe mara mbili. Lakini tangu yule kijana aje, kila nilipoona mwenzangu anauliza "jina la mama" bila kuinua macho, nilisikia kitu kinanichoma. Kalamu inayoandika karatasi ya kwanza ndiyo inayoandika zote zinazofuata. Msajili ananakili kutoka kwangu, shule inanakili kutoka kwa msajili, NIDA, pasipoti, mahakama ya mirathi, wote wananakili. Hakuna anayerudi wodini kuuliza upya.

Kwa hiyo simu ilipotoka Leicester mwezi Januari 2021, ilinikuta nimeshafika mahali fulani.

Aliyepiga ni binti wa mdogo wangu. Ni muuguzi kama mimi, yuko Uingereza miaka mingi, mume wake ni mzaliwa wa Mwanza aliyeandikishwa uraia wa huko. Mimba yao ya kwanza iliishia kwenye damu nyingi, mtoto akafa, na ili kumwokoa yeye madaktari wakaondoa kizazi. Mayai alibaki nayo. "Mama Mkubwa," aliniambia, "nimeongea na dada." Dada ni binti wa kaka yangu, wa hapa Tukuyu, ana watoto wawili na kibanda cha mitumba karibu na stendi. Alikuwa amekubali kumbebea mimba. Mbegu na yai ni vya wale wa Leicester, kupandikiza kutafanyika Nairobi, kuzaa kutafanyika hapa ambapo mimi nipo. Kisha akashusha sauti. Dada angehudhuria kliniki kwa jina lake yeye wa Leicester. "Wewe unajua watu pale hospitali. Tangazo likitoka kwa jina langu, kila kitu kinakuwa rahisi."

Nilimkatalia kabla hajamaliza. Alilia, akakata simu, na kwa wiki mbili hakupokea zangu. Mdogo wangu alinijia juu, akaniuliza kama nimesahau nilivyozaliwa. Nilimwambia sijasahau, ndiyo sababu.

Tulipoanza kusemezana tena, tulikwenda Mbeya kwa wakili, mimi, kaka yangu na yule binti wa kubeba, huku wa Leicester wakiwa kwenye simu iliyoegeshwa kwenye kopo la kalamu. Wakili alikuwa mwanamke mpole mwenye kusema wazi. Tanzania hatuna sheria inayohusu kumbebea mtu mimba, alisema. Kwa daftari la vizazi, mama ni aliyezaa. Kenya nao wakati huo hawakuwa na sheria, kwa miaka mingi miswada ilikuwa imeingia bungeni na kutoka, ukiwemo uliosukumwa na mbunge Millie Odhiambo. Alitusimulia kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2014. Pacha walizaliwa kwa njia hiyo hiyo, hospitali ikashindwa kuamua iandike jina la nani, ikaita maofisa wa watoto, na wachanga wakapelekwa kwenye makao ya watoto huku wanawake wote wawili, aliyebeba na mwenye mayai, wakiwa pale pale na wamekubaliana. Alitusimulia na ya mtoto Manji, aliyezaliwa India mwaka 2008 kwa ajili ya wanandoa wa Japani walioachana kabla hajazaliwa. Kulikuwa na mke aliyepanga, mwanamke aliyetoa yai na mwanamke aliyebeba, na kwa sheria zilizokutana pale, mtoto hakuwa na mama hata mmoja wa kumpatia pasipoti. Bibi yake mzaa baba ndiye aliyekaa naye miezi mpaka akapewa hati ya kusafiria isiyotaja uraia.

Niliposikia hayo nilimkumbuka mwenzangu wa chuo cha uuguzi, Mkurya wa Tarime. Kwao mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenzake kwa ng'ombe, nyumba ntobhu, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake, wakirithi kwa jina lake. Wakurya wako Kenya na Tanzania, na pande zote mbili walijua mtoto huyo ni wa nani. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, basi mbele ya karani nyumba hiyo yote haionekani.

Wakili akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelitegemea. Huyu binti ana mume?

Kimya. Kaka yangu akakohoa. Mume yupo, au alikuwepo. Alikwenda Zambia mwaka 2014 na malori, hajatuma hata salamu. Ndoa ilikuwa ya kimila. Ng'ombe wanne walipokelewa na wala hawajarudishwa. Wakili akaweka kalamu chini. Kwa sheria ya Uingereza, alisema, aliyebeba mimba ndiye mama mpaka mahakama iamue vinginevyo, popote duniani alipozalia. Na kama ana mume, mume huyo ndiye anayehesabiwa kuwa baba, isipokuwa ithibitike kwamba hakuridhia. Kama hana mume, mwenye mbegu anaweza kutambuliwa kuwa baba, na hapo uraia wake unamfuata mtoto.

Kaka yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hata sisi ndivyo ilivyo." Na kweli ndivyo ilivyo. Kwa Wanyakyusa mtoto anafuata ng'ombe. Maadamu wale wanne hawajarudi, kila atakayezaliwa na binti yule ni wa ukoo wa yule mtu wa malori, hata kama mbegu imetoka mwezini. Hapo ofisini Mbeya, sheria iliyoandikwa London na kanuni ambayo babu zetu waliifunga kwa kamba za ng'ombe zilikutana zikasema neno moja: mtoto huyu ana baba, naye ni mtu ambaye hatujui hata kama yuko hai.

Basi tulianza huko. Watu hudhani safari ya namna hii inaanzia kwenye maabara. Yetu ilianzia baraza la usuluhishi la kata, kwenye chumba chenye bati linalovuja, ambako mume aliitwa na hakufika. Baraza likaandika kwamba limeshindwa, tukaenda Mahakama ya Mwanzo, na talaka ikatoka mwishoni mwa mwaka. Ng'ombe walikuwa kazi nyingine. Kaka yangu aliona haya kurudisha mali ya mtu aliyemtelekeza binti yake, na sikumlaumu. Mwishowe alimpelekea baba wa yule mtu ng'ombe wawili na akapokewa kwa heshima, wakala ndizi pamoja, wakakubaliana mbele ya mashahidi kwamba lililokuwepo limekwisha. Niliandika makubaliano yale kwenye daftari, wote wakaweka dole gumba au sahihi. Karatasi ile haina hadhi mahakamani Leicester. Kwetu ndiyo iliyofungua mlango.

Tuliongea pia fedha, waziwazi, mbele ya binti mwenyewe. Mahakama za Uingereza huuliza kila senti iliyolipwa zaidi ya gharama za kweli, lakini hiyo haikuwa sababu yangu kubwa. Nilitaka ajue ni nini anachopokea na ni nini anachokitoa, asije akaambiwa baadaye na ndugu mwenye pombe. Alitaka kibanda chake kiwe na mtu wa kuuza miezi asiyoweza kusimama, chakula chake na cha watoto, nauli, na bima. Hakutaka zaidi. Wa Leicester walitaka kumjengea nyumba. Akawaambia wangoje mpaka mtoto atembee, ili isiwe bei.

Alikwenda Nairobi mapema 2022. Alihudhuria kliniki hapa kwa jina lake mwenyewe, kadi yake mwenyewe, na wauguzi walipouliza baba yuko wapi alijibu Uingereza, na walipouliza mengine alisema muulizeni shangazi. Mtoto alizaliwa Desemba. Mwenzangu aliyekuwa zamu alifika kwenye ule mstari, akainua macho kunitazama. Nilimwambia, "Muulize mwenyewe." Binti akataja jina lake, herufi kwa herufi. Baba mtoto alikuwa amefika, na kwa msajili alisimama mwenyewe kukiri. Sheria ya Mtoto ya 2009, inapotaja vitu vinavyothibitisha uzazi, inataja jina kwenye daftari la vizazi na pia sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, na kukiri mbele za watu. Tuliyafanya yote. Kaka alichinja, wazee wakamtaja mtoto kwa jina la Mama yangu, aliyefariki miaka kumi nyuma bila kuwahi kuandikwa kwenye karatasi ya kweli.

Cheti kilipotoka, mwanangu wa Leicester alikisoma jikoni kwangu akiwa amembeba mtoto. Alikisoma, akakigeuza nyuma, kana kwamba jina lake huenda limeandikwa huko. Nyuma kulikuwa kweupe. Nilikuwa nimemwandaa kwa mwaka mzima, naye muuguzi, anaijua sheria ya kwao kuliko mimi: idhini ya aliyezaa haina nguvu mpaka wiki sita zipite baada ya kuzaa, ombi linatakiwa mahakamani ndani ya miezi sita, ndipo hati mpya itolewe yenye jina lake. Vyote anavijua. Alikaa chini sakafuni na kuegemea gunia la mkaa na kulia bila sauti ili asimwamshe mtoto, na dada yake aliyezaa akaja akakaa kando yake, maziwa yakiwa yanamlowesha gauni. Sikuwa na neno. Nilikuwa nimewalazimisha kuifuata njia ndefu, na katika saa ile njia ndefu ilimuumiza mtu ninayempenda. Sisemi haikuwa hivyo. Ningeirudia.

Maombi ya mahakama walituma Leicester mapema, kabla miezi sita haijaisha. Kilichochelewa ni pasipoti. Ilichukua miezi saba, kukiwa na barua kutoka kwa wakili, nakala ya talaka yenye mhuri, majibu ya vipimo vya vinasaba. Miezi yote hiyo mtoto alikua Tukuyu, akabebwa kwenye mvua chini ya mwavuli, akazoea kelele za bajaji za stendi. Kwa sasa ni Mtanzania kwa aliyemzaa na Mwingereza kwa baba. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo akifika utu uzima atachagua. Hati mpya ya Uingereza haifuti daftari la kwanza, la huku kwetu. Akiwa mtu mzima anaweza kuomba nakala ya cheti chake cha mwanzo, na atamkuta dada wa mama yake pale, kwa jina kamili.

Walipokuja kuaga, kabla ya kwenda uwanja wa ndege wa Songwe, tulimpitisha mtoto kwa Mama Mdogo. Macho yake yalishaanza kuondoka. Alimpapasa uso, masikio, vidole vya miguu, kisha akaagiza mkebe. Nilikuwa na nakala ya tangazo la kizazi mkononi, nikataka kuiweka humo pamoja na kadi yangu. Binti wa kaka akaniomba kwanza. Akatafuta kalamu kwenye mkoba, akaiweka nakala juu ya goti, nyuma, kwenye weupe, na kuandika polepole kwa mwandiko wake wa darasa la saba: *Alizaliwa saa tisa na robo usiku. Mvua. Umeme ulikatika, shangazi alishika tochi. Mama yake alikuwa kwenye simu, alimsikia akilia.*